Jina la Mashujaa si Mali ya Kundi Moja

Jioni ya tarehe 14 Oktoba 2021, katika hoteli moja iliyoko Irene, karibu na mji wa Pretoria nchini Afrika Kusini, lilitokea jambo la kusikitisha. Waziri wa Ulinzi, Thandi Modise, Waziri katika Ofisi ya Rais, Mondli Gungubele, na Naibu Waziri wa Ulinzi, Thabang Makwetla, walikuwa wamekwenda kuwasikiliza wapigania uhuru wa zamani waliokuwa na malalamiko yao. Mazungumzo yalipokwama, viongozi hao walizuiliwa wasitoke ukumbini. Saa kadhaa zilipita kabla ya kikosi maalumu cha polisi kuingia na kuwatoa salama. Watu 56 walikamatwa usiku ule.

Mtu asiyeijua historia ya nchi ile angeweza kudhani kwamba huo ulikuwa ugomvi wa kawaida baina ya serikali na wananchi wenye hasira. Lakini Waziri Modise mwenyewe alikuwa mpiganaji wa Umkhonto we Sizwe, yaani Mkuki wa Taifa. Alivuka mpaka akiwa kijana, akapata mafunzo ya kijeshi Angola, akarudi nchini kwa siri, akakamatwa na kukaa gerezani miaka minane chini ya utawala wa Makaburu. Basi aliyezuiliwa na waliomzuia walidai chimbuko moja na vita vimoja. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Katika mazungumzo yetu ya leo tutaeleza kwa nini vyama vya wapigania uhuru wa zamani, pamoja na vile vya watoto na wajukuu wao, hugawanyika na kuvutana katika nchi kadhaa za jirani zetu. Ni nani anayefaidika na mivutano hiyo. Na askari wa jeshi na wa polisi anapaswa kujifunza nini kutokana nayo.

Ndugu wasikilizaji, habari hii haiko mbali nasi. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1994 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake makuu Dar es Salaam. Katika miaka ya sitini wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe waliishi katika kambi ya Kongwa, mkoani Dodoma, jirani na wenzao wa FRELIMO, SWAPO na vyama vingine. Vijana wa Zimbabwe walipata mafunzo Mgagao, mkoani Iringa. Wako miongoni mwenu wenye baba au babu waliowafundisha vijana hao kutumia silaha, au waliogawana nao chakula na blanketi. Kwa hiyo tunapoyatazama mambo ya wenzetu, tunatazama mti ambao mizizi yake mingine imepita katika udongo wetu.

Wala tusijidanganye kwamba zamani hapakuwa na mivutano. Ilikuwapo tangu huko kambini. Mwaka 1975 maofisa wa jeshi la ZANU waliokuwa Mgagao walitoa tamko la kumkataa kiongozi wao, Ndabaningi Sithole, na kumtaja Robert Mugabe kuwa ndiye awe msemaji wao. Tamko hilo lilichangia kubadili mkondo wa historia ya Zimbabwe. Lakini wakati ule adui alikuwa mbele yao na bunduki ilikuwa mkononi, na vita vyenyewe viliwalazimisha watu kurudi kwenye mstari. Vita vilipokwisha, kile kilichowalazimisha kushikamana kiliondoka, na yale yaliyokuwa yamefunikwa yakafunuka.

Chanzo cha kwanza cha mivutano hii ni orodha. Nani hasa ni mpigania uhuru? Swali hili ni jepesi kwa jeshi la kawaida, ambalo kila askari wake ana namba, jalada na tarehe ya kuandikishwa. Lakini jeshi la msituni haliendeshwi kwa majalada. Mpiganaji hutumia jina la bandia ili ndugu zake walioko nyumbani wasiteswe. Karatasi huchomwa ili zisiangukie mikononi mwa adui. Makamanda waliowajua vijana kwa sura hufa kabla ya vita kwisha. Tena wako waliopewa mafunzo lakini hawakupata kufyatua risasi. Wako ambao hawakushika bunduki kabisa, ila walibeba chakula, walificha silaha na kupeleleza njia. Hao wote wana haki gani?

Afrika Kusini ilikutana na swali hilo mapema sana. Mwaka 1994 Umkhonto we Sizwe iliunganishwa na jeshi la zamani la Makaburu, na majeshi ya zile nchi bandia za Transkei, Bophuthatswana, Venda na Ciskei, pamoja na jeshi la chama cha PAC, ili kuunda jeshi moja la taifa. Kazi hiyo ilihitaji majina. Ambao majina yao hayakuonekana katika orodha walijikuta nje ya lango. Hata wale walioitwa hawakuridhika wote: mwaka huo huo wapiganaji wa zamani waliokusanywa katika kambi ya Wallmannsthal waliandamana hadi kwenye ofisi za serikali mjini Pretoria, wakilalamikia hali ya kambi na jinsi walivyokuwa wakitendewa. Ikambidi Rais Mandela, aliyekuwa kamanda wa kwanza wa Umkhonto, azungumze na vijana wake mwenyewe kama mkuu wa nchi azungumzavyo na askari waliovunja nidhamu.

Nchini Zimbabwe sheria iliyopitishwa mwaka 2020 ilijaribu kulijibu swali hilo kwa kuwapanga watu katika mafungu: wapiganaji wenyewe, waliofungwa au kuwekwa kizuizini kwa ajili ya siasa, waliokaa kambini bila kupigana, na wale vijana wa vijijini, wavulana na wasichana, waliowasaidia wapiganaji, ambao kwa Kishona huitwa mujibha na chimbwido. Huo ni uungwana, kwa maana unakiri kwamba vita havikupiganwa na wenye bunduki peke yao. Hata hivyo, kila fungu jipya likifunguliwa, watu wapya hupiga hodi, na mlango huwa mwembamba.

Tena liko jambo ambalo hesabu ndogo tu inaweza kulifichua. Umri unavyosonga, wapiganaji wa kweli hupungua kwa kufa. Lakini katika vyama vingi, wanaojiita wapiganaji hawapungui kwa kiasi hicho. Chama cha ANC kilisimamisha mapambano ya silaha mwezi Agosti mwaka 1990. Aliyezaliwa mwaka 1980 alikuwa na miaka kumi wakati huo. Hata hivyo, kwa miaka mingi wananchi wa Afrika Kusini walilalamika hadharani kwamba katika mikutano ya siasa walikuwa wakiwaona watu wenye sare za mabaka, wakijiita maveterani, ilhali sura zao zilionyesha kwamba walikuwa watoto wadogo vita vilipokwisha. Mzee aliyepigana kweli, aliyekaa kijijini bila nyumba, alikuwa akitazama nafasi yake ikikaliwa na mtu aliyekodishwa kupiga kelele.

Chanzo cha pili ni riziki. Ndugu wasikilizaji, tusimlaumu haraka mtu mwenye njaa. Kijana aliyeacha shule ili aende msituni alirudi bila cheti, bila fani na mara nyingi bila afya. Aliahidiwa nchi, akapewa bendera. Nchini Zimbabwe mfuko wa kuwafidia walioumizwa na vita uliporwa kwa madai ya uongo, hata ikalazimu tume ya uchunguzi iundwe mwaka 1997. Wapiganaji wa zamani, wakiongozwa na Chenjerai Hunzvi, walishinikiza mpaka serikali ikakubali kumlipa kila mmoja dola za Zimbabwe 50,000 kwa mkupuo na dola 2,000 kila mwezi. Watu wapatao 50,000 walihusika, na fedha hizo hazikuwamo katika makadirio ya serikali. Siku ya Ijumaa, tarehe 14 Novemba 1997, dola ya nchi hiyo iliporomoka kwa kishindo. Hivyo haki iliyocheleweshwa kwa miaka kumi na saba ililipwa kwa haraka na bila mpango, na gharama yake ikambebesha mzigo kila mfanyakazi na mkulima, wakiwamo maveterani wenyewe, ambao malipo yao ya kila mwezi yaliendelea kupungua thamani.

Afrika Kusini nayo ilipitisha sheria ya maveterani wa kijeshi mwaka 2011, yenye ahadi za matibabu, nyumba, pensheni na msaada wa elimu kwa watoto wao. Miaka kumi baadaye, wale waliowazuia mawaziri kule Irene walikuwa bado wanadai utekelezaji. Kitendo chao kilikuwa kosa la jinai. Lakini madai yaliyokuwa nyuma ya kitendo hicho hayakuzuka siku ile.

Chanzo cha tatu, nacho ndicho chenye sumu kubwa, ni wanasiasa. Chama cha wapiganaji ni silaha ya siasa yenye thamani kubwa. Kina jina linaloheshimiwa, kina watu wenye nidhamu ya kuitika, na kina madai ambayo hakuna kiongozi anayethubutu kuyadharau mbele ya umma. Mwanasiasa anayepigania cheo ndani ya chama chake hukitazama chama hicho kama mwindaji anavyomtazama mbwa hodari.

Tazameni yaliyoipata MKMVA, jumuiya ya wapiganaji wa zamani wa Umkhonto iliyoundwa mwaka 1996. Chini ya mwenyekiti wake, Kebby Maphatsoe, jumuiya hiyo ilisimama wazi upande wa Rais Jacob Zuma katika mvutano uliokuwa ndani ya ANC. Mwaka 2017 makamanda wa zamani waliochukizwa na mwenendo huo, wakiongozwa na Jenerali Siphiwe Nyanda, aliyepata kuwa Mkuu wa Majeshi, walikuwa na baraza lao la kando. Jeshi moja likawa na vyama viwili, kila kimoja kikidai kuwa ndicho chenye roho ya Umkhonto. Mwezi Juni mwaka 2021 uongozi wa ANC uliamua kuivunja MKMVA ili wapiganaji waanze upya pamoja. Lakini huwezi kuunganisha kwa barua kile kilichotenganishwa kwa masilahi.

Kutoka hapo kikazaliwa chanzo cha nne: ugomvi wa jina lenyewe. Tarehe 16 Desemba 2023, siku ya kuadhimisha kuanzishwa kwa Umkhonto we Sizwe mwaka 1961, Jacob Zuma alitangaza kwamba hataipigia kura ANC, bali ataunga mkono chama kipya kilichojiita kwa jina lile lile, Umkhonto we Sizwe. ANC ilikwenda mahakamani ikidai kwamba jina na alama ni mali yake. Mwezi Aprili mwaka 2024 Mahakama Kuu mjini Durban ililitupa shauri hilo. Tarehe 29 Mei 2024 wananchi walipiga kura. Chama hicho kipya kikapata asilimia 14.58 na viti 58 bungeni, na ANC ikashuka hadi asilimia 40.18, ikapoteza wingi wake wa kura kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1994. Wapiganaji wa zamani walikuwako pande zote mbili. Mkuki uliochongwa kwa ajili ya taifa ukawa unavutwa na ndugu wawili, mmoja ameshika mpini na mwingine ameshika ncha.

Nchini Zimbabwe historia ya mgawanyiko ina majonzi zaidi, kwa sababu kulikuwa na majeshi mawili ya ukombozi tangu mwanzo: ZANLA ya ZANU, na ZIPRA ya ZAPU. Baada ya uhuru, mwaka 1982 serikali ilitaifisha mashamba na mali zilizonunuliwa na wapiganaji wa ZIPRA kwa fedha za michango yao. Kisha yakafuata mauaji ya raia katika Matabeleland na sehemu za Midlands, mpaka Mkataba wa Umoja ulipotiwa saini tarehe 22 Desemba 1987. Vyama viliungana, lakini mali haikurudishwa, na kwa sababu hiyo maveterani wa ZIPRA waliunda chama chao wenyewe, wakiendelea kudai hati na mali zao. Umoja wa midomo ambao hausindikizwi na haki ni kama kidonda kilichofunikwa kwa kitambaa safi.

Sasa tuwageukie watoto na wajukuu. Mpiganaji akifa, ni nini kinachorithiwa? Ada ya shule ya mtoto wake ni haki, na sheria ya Afrika Kusini imelitambua hilo. Kaburi lenye jina na heshima ya ukoo ni haki. Lakini je, inarithiwa pia mamlaka ya kusema kwa niaba ya mapambano? Hapa ndipo vyama vya vizazi vya wapiganaji huanza kukosana, kwa kuwa kila mmoja huja na baba yake kama ushahidi, na baba hawezi tena kusema.

Jirani yetu Kenya inatupa mfano. Mau Mau ilibaki imepigwa marufuku katika vitabu vya sheria mpaka mwaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru, na muda wote huo hapakuwa na chama cha halali cha kuhifadhi majina. Mwezi Juni mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228 walioteswa katika kambi za vizuizi. Jumla ya fedha, pamoja na gharama za kesi, ilikuwa pauni milioni 19.9. Mashauri yalikuwa ya haki na wazee walistahili. Lakini 5,228 si wote. Wengine zaidi ya 40,000 walifungua shauri lao London, nalo likaangushwa mwaka 2018, hasa kwa kuwa miaka mingi mno ilikuwa imepita. Ndani ya kijiji kimoja yuko aliyelipwa, yuko aliyeachwa, na yuko mtoto wa aliyekuwa mgambo wa mkoloni, ambaye pengine ndiye mwenye shamba kubwa kuliko wote wawili. Kila mgao wenye orodha huwaacha wengine nje, na aliyeachwa nje huwa chakula cha mchochezi.

Ndugu wasikilizaji, hasa ninyi askari wa jeshi na polisi, habari hizi zina mafundisho matatu kwenu.

La kwanza ni kwamba askari akitumiwa katika ugomvi wa makundi ya chama, hawezi kujua kesho atampigia nani saluti. Mwezi Februari mwaka 2016 polisi wa Harare waliwatawanya maveterani kwa mabomu ya machozi na maji ya kuwasha. Kiongozi wao, Christopher Mutsvangwa, alifukuzwa uwaziri mwezi uliofuata. Mwezi Julai maveterani walitoa tamko la kumkana Rais Mugabe, na baadhi ya viongozi wao wakakamatwa. Mwezi Novemba mwaka 2017 jeshi liliingia mjini, maveterani hao hao wakaitisha maandamano, na Mugabe akajiuzulu tarehe 21. Kabla ya mwaka ule kwisha, Mutsvangwa alikuwa mshauri wa Rais mpya. Na gurudumu halikusimama hapo: mwaka 2025 veterani mwingine, Blessed Geza, alimtaka Rais huyo mpya naye ang'oke, chama kikamfukuza, na polisi wakajaa tena barabarani. Askari aliyesimama pale pale, akiwa na rungu lile lile, aliona adui wa jana akiwa mkubwa wa leo. Kinga yake ni moja tu: atende lile ambalo sheria inaamuru, kwa kipimo ambacho sheria inaruhusu, ili siku mambo yatakapogeuka asiwe na la kuficha.

La pili ni kwamba sare si vazi la siasa. Sare ikivaliwa kwenye mkutano wa kundi, raia hawezi tena kumtofautisha mlinzi wake na mpiga debe. Mpiganaji aliyestaafu abaki na nishani zake na heshima yake. Akitaka siasa, aingie kama raia mwingine yeyote, kwa kura moja.

La tatu ni kumbukumbu. Ninyi mnaolinda mipaka leo ndio wastaafu wa kesho, na watoto wenu ndio watakaobisha hodi ofisini wakiwa na picha ya baba yao mkononi. Jalada lililoandikwa vizuri leo, lenye jina, namba, kikosi na mahali pa utumishi, ni ngao dhidi ya mdanganyifu, na ni ngao dhidi ya mwanasiasa anayetaka kuwanunua wenye njaa. Karani wa kikosi anayetunza orodha kwa uaminifu analinda amani ya taifa kama mlinzi wa lindo.

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Katika nchi tulizozitaja, nyasi hizo ni wajane ambao hawajui faili za waume zao ziko wapi. Ni wazee wenye risasi mwilini wanaongojea matibabu huku viongozi wao wakigombea muhuri wa chama. Ni wajukuu wanaofundishwa kumchukia mjukuu wa mwenzake babu yao, mtu aliyelala naye handaki moja na kunywa naye maji katika kopo moja. Mashujaa wale hawakufa ili jina lao lisajiliwe na kundi. Walikufa ili pawe na nchi, na nchi hiyo ni ya wote, hata ya yule ambaye jina lake halikuonekana kwenye orodha.